Kochi wa Kokwa za Tende

Jioni ile uani kwangu, mjini Ibra, huku kwa Waarabu, tulikuwa watu sita, na nawataja wote kwa sababu kila mmoja ana lake katika khabari hii. Mie mwenyewe, Salma. Mume wangu Seif, Mungu amrehemu, dereva wa gari la maji. Mwanangu Nasor, miaka kumi na minane, mguu kauweka juu ya tofali maana kifundo kilikuwa kimevimba. Jirani yangu Sheikha, mwenyeji wa Ibra, asiyejua Kiswahili hata neno la kuombea maji, na ndiye shoga yangu mkubwa tangu nilipoingia nchi hii. Binamu yake Khalfan, mwenye duka la vitambaa, ambaye aliwahi kukaa Tabora na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Na wa sita ni Kochi, mwalimu wa timu yetu ya mpira.

Jina la Kochi ninalo, kama ninavyoyajua majina ya kila niliyepata kunywa naye kahawa. Sitaliandika. Hakuna aliyemwita nalo. Mkewe mwenyewe akimwita Kochi, na siku moja nilipolitaja lile jina mbele yake aligeuka kutazama nyuma nani anaitwa.

Khalfan alikuwa ametumwa na wazee wa sabla, ile baraza yao ya wanaume. Hata kahawa hajaigusa, akasema:

“Kochi, mimi mjumbe tu. Alkhamisi ijayo watu wa Sur wanakuja kucheza marudiano. Wazee wanasema, Nasor akicheza kati tena na tukafungwa tena, ukabidhi jezi na filimbi.”

“Filimbi waje waichukue hata leo,” Kochi akajibu. “Sijaipuliza tangu nilipopewa.”

“Usifanye mzaha, bwana. Kule Sur tumefungwa matatu. Kijana anashika mpira kama anautafutia jina!”

Nasor akainamisha kichwa. Mie nikamkata jicho Khalfan. Lakini alichosema kilikuwa kweli.

“Nasor atacheza kati,” alisema Kochi, akaokota kokwa ya tende siniani.

Hapo nimwache kidogo na kokwa yake mkononi, niwaambie alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mrefu, mwembamba, magoti yametoka mbele. Kazini alikuwa mtunza stoo wa baladiya, yaani manispaa, akihesabu mabomba na makoleo toka asubuhi, na kule alikuwa mkali hujapata kuona. Koleo likirudi na tope halipokei. Lakini akija kwangu na viatu vya wadini, kule kwenye mto mkavu walikocheza, alinijazia changarawe ukumbi mzima, hana khabari. Nikimwambia, “Kochi, viatu!” atasema, “Ah, Mama Nasor, samahani,” na atavivua, akishafika katikati ya mkeka.

Timu aliipiga marufuku kula chochote kabla ya mchezo. Tende moja tu na maji. Kijana akikamatwa na mkate hachezi. Yeye mwenyewe mfuko wa kanzu ulikuwa na vitumbua vyangu, viwili kwa kawaida, na siku za mechi vinne. Ukimtazama akitembea pembeni ya uwanja ungedhani anafikiri, mkono mfukoni. Kumbe anamega.

Maana hakukaa. Kiti alipelekewa, kikakaliwa na wengine. Yeye alitembea, toka goli hili mpaka lile, kwenda na kurudi, mpaka pembeni ya uwanja ikatokea njia iliyokanyagwa. Uwanja wenyewe ulikuwa wadini, changarawe tupu, na vijana kabla ya kucheza huokota mawe kwanza. Mwaka mmoja mvua ikapiga milimani, wadi ikaja na maji, ikachukua magoli yote mawili. Kochi alikwenda kuyatafuta kwa miguu. Moja akalikuta kwenye shamba la mzee mmoja, na mzee keshalikata mbao, kazisimamishia mizabibu yake. Kila mtu alingoja ugomvi. Kochi akatazama zile zabibu, akasema kwa upole, “Basi zikishaiva nitakuja.” Msimu mzima timu ikacheza goli moja la mbao na goli moja la magogo ya mtende.

Mtu huyo huyo alimfukuza mazoezini golkipa wake bora kwa kumrushia jiwe paka.

Na kokwa. Kochi hakujua kuchora. Alipotaka kueleza mchezo, alingoja watu wamalize tende, akazikusanya kokwa, akazipanga juu ya sinia: golkipa, mabeki, mawinga, na katikati senta hafu, hii kokwa nene, ndiye Nasor. “Kila mpira lazima upite kwa huyu,” akisema. “Huyu ndiye mlango wa nyumba.” Khalua ikaganda, kahawa ikapoa, yeye anasukuma kokwa kwa kidole. Wanawake tuliojifanya tunaosha vyombo tulijua mchezo wa timu ile kuliko wazee wa sabla.

Sasa niseme kwa nini kelele zake zote uwanjani zilikuwa za Kiswahili, ilhali nusu ya wachezaji ni watoto wa Ibra ambao neno hawalijui.

Kiarabu alikisikia vizuri. Kukisema ndiko kulikomshinda, na msimu wa kwanza alijitahidi hivyo hivyo. Akawaandikia watu wa Sur barua kwa mkono wake, kwa Kiarabu, kuwaalika: mchezo Alkhamisi saa kumi. Yeye saa kumi yake ni ile yetu ya Unguja, baada ya Alasiri, jua likianza kupoa. Wazee wa Ibra nao zamani walihesabu saa vivyo hivyo toka jua linapozama, lakini vijana wa Sur walikuwa na saa za redio. Wakaja saa kumi ya redio, asubuhi, jua linakaanga, lori zima na ngoma zao. Uwanjani hapana mtu. Mbuzi tu. Kochi yuko stoo anahesabu mabomba. Watu wa Sur hawakuona taabu: walifunga goli kwenye goli tupu, wakapiga ngoma, wakageuza lori, wakarudi kwao Aija, mtaa wao huko Sur, wakitangaza ushindi.

Sabla ilicheka mwezi mzima. Kochi akipita sokoni, mtu anaita, “Kochi, saa ngapi?” Watoto wakajifunza. Mpaka mwanamke muuza samli, aliyekuwa na adabu zake, siku moja alimwuliza saa ngapi kwa kutaka kujua saa, na Kochi akaondoka bila kujibu.

Toka hapo akaapa Kiarabu hakitatoka kinywani mwake uwanjani. Na ndipo alipompeleka Nasor kati. Kijana alikuwa na akili ya mpira, hilo sikatai, lakini pia alikuwa na lugha zote mbili zimekaa sawa. Kochi atapiga kelele, Nasor atawapasha wenziwe. Mambo yakaenda. Mechi ndogo ndogo walishinda, na Nasor akawa anatembea mjini kama amepewa cheo.

Kisha zikaja timu zenye mbio, na mwanangu akaanza kuharibikiwa.

Jumatano kwenye soko la wanawake hapakuwa na khabari nyingine. Nilikuwa nauza vitumbua na bizari, na pembeni yangu Moza, muuza manukato, ambaye mtoto wake Hilali alikuwa winga.

“Mtoto wako ana macho kweli?” Moza akaniuliza. “Hilali wangu yuko peke yake pembeni, anapunga mkono kama anaaga meli, na Nasor hampi!”

“Anampa.”

“Anampa akishazungukwa!”

Mwingine akasema, “Si kosa la kijana. Kosa la yule Mzinjibari wa stoo. Kufundisha mpira si kuhesabu makoleo.”

“Afadhali ya makoleo,” akadakia mwingine, “yanarudi.”

Wakacheka, na mie nikacheka, ndani naumia. Wengine walisema Nasor mwoga. Wengine walisema ana mapenzi, anawaza. Wengine walisema apelekwe beki apumzishwe, na wengine waliapa kocha akiwa mwingine kijana atapaa. Kila mmoja alikuwa na dawa. Nyumbani nilimwuliza mwenyewe, “Mwanangu, kuna nini?” Akanambia, “Sijui, mama. Mpira unakuja upesi.” Si mtoto wa kulalamika. Na nani amwambie Kochi, unaniharibia? Asubuhi akikutana naye njiani ni shikamoo kwa mikono miwili.

Nilipokwenda kule Sur na gari ya Seif kuwatazama, Sheikha nilikuwa naye. Wanawake hatukukaa uwanjani. Tulisimama nyuma ya ukuta wa nyumba moja, ukuta wa kutufika kifuani, tukaona vizuri. Kochi anatembea na kupiga kelele: “Rudi nyuma! Mpeni winga! Msimfuate huyo, mwacheni aje!” Na Sheikha kila mara ananivuta mtandio: “Mo yqul? Mo yqul?” Anasema nini, anasema nini. Namgeukia, namfasiria. Nikimaliza, nikitazama uwanjani, mpira umeshafika kwingine. Mara ya tatu namfasiria, nasikia watu wa Sur wanalipuka kwa shangwe. Goli, na sikuliona.

“Sheikha, umenikosesha goli!” nikamwambia kwa ukali.

“Goli lenyewe la kwao, unalitakia nini?” akasema.

Nikageuka kumtazama mwanangu, na hapo nikaona. Nasor alikuwa anafanya kama mie. Mpira unakuja, Kochi anapiga kelele, Nasor anageuza uso kwa Kochi. Anageuza uso kwa mabeki, mdomo unakwenda. Beki anapaza mkono, hajasikia, Nasor anarudia. Ndipo anapotazama mguuni. Na mguuni ameshasimama mtu wa Sur.

Hakuwa mwoga, wala hakuwa na mapenzi. Alikuwa mkalimani, na mpira haumngoji mkalimani.

Basi turudi uani, na ile kokwa mkononi mwa Kochi.

Alikuwa amezipanga zote siniani, anamweleza Khalfan kwa nini Nasor lazima abaki kati. Khalfan anatikisa kichwa. Seif anakula tende, hakuwa mtu wa mpira. Mie nina dele mkononi, namimina kahawa. Sijui nini kilichonipa ujasiri. Nikaweka dele chini, nikaokota kokwa moja zaidi, nikaiweka nje, ukingoni mwa sinia.

“Na hii?” Kochi akauliza. “Wachezaji ni kumi na mmoja, Mama Nasor.”

“Hii ni weye, Kochi.”

Nikasukuma kidole toka kokwa yake mpaka kokwa nene. Toka kokwa nene mpaka kwa beki mmoja. Nikarudi. Mpaka kwa beki wa pili. Nikarudi. Kisha nikachukua tende nzima, nikaiweka juu ya kokwa nene, ikafunikwa.

“Na huyu mtu wa Sur,” nikasema. “Ameshafika. Mtoto bado anafasiri.”

Sheikha hakuelewa neno, lakini kokwa alizielewa, nikamwona anafunika mdomo. Nasor alikuwa ananitazama kama nimemvua nguo mbele ya watu.

Kochi alikuwa amekunywa finjani moja tu. Kwa kawaida alikunywa tano. Akaitikisa ile finjani, tik tik, kama desturi ya hapa mtu akitosheka, akanirudishia mkononi. Akasimama, akavaa viatu vyake mlangoni, mara ya kwanza bila kukumbushwa, akatoka. Hata “kwaherini” hakusema.

“Umefanya nini, mama?” Nasor akasema. “Sasa ataacha mwenyewe.”

Usiku ule sikulala vizuri. Mtu yule timu ndiyo maisha yake. Kaja nchi hii kama sisi, kaanza upya na umri umeshakwenda, stoo si yake, nyumba si yake, lugha inamcheka. Kilicho chake ni wale vijana kumi na mmoja na ile njia aliyoikanyaga wadini. Na mie nimemwambia mbele ya Khalfan, mjumbe wa sabla, kwamba kosa ni lake.

Siku ya pili Alasiri Sheikha ananiita juu ya ukuta, anacheka mpaka anakohoa. “Ummu Nasor, njoo! Mwalimu wenu yuko mlangoni kwangu!”

Nikaenda. Kochi kaketi kwenye kizingiti cha nje, kaupa mlango mgongo kwa heshima, karatasi gotini. Aliponiona akasema, kama hapajatokea jambo, “Mama Nasor, muulize Sheikha, mtu akitaka wengine warudi nyuma upesi anasemaje? Si Kiarabu cha redio. Cha hapa.”

Nikamwuliza Sheikha. Sheikha akafikiri, akasema, “Mie nikitaka warudi, nawaita hivi,” akatoa mwito wake, wa juu, wa kooni. Mbuzi wote zizini wakageuka.

“Sheikha! Huo wa mbuzi!”

“Basi? Hao vijana si wamechunga mbuzi wetu? Wanaujua tangu hawajaota meno.”

Kochi hakucheka. Aliuandika. Akauliza wa kutawanyika, wa kungoja, wa kushika upande wa mashamba na upande wa mnara. Sheikha akampa yote, ya zizini. Siku nne mfululizo alikuja, na mtaa mzima ukamsikia Kochi wa timu akifundishwa kuita mbuzi na mbuzi wakimwitikia.

Alkhamisi watu wa Sur walifika na ngoma zao. Safari hii barua aliandika Khalfan. Mie, Sheikha na Moza tulikuwa nyuma ya ukuta wa shamba. Mchezo ulipoanza, Kochi alitembea kwenye njia yake bila neno. Mikono yote miwili nje ya mfuko, na hapo nikajua ana khofu kweli. Wa Sur wakapata goli, upesi tu. Nasor aligeuza uso kwa Kochi, kama alivyozoea. Kochi akampungia mkono: tazama mbele.

Kisha akavuta pumzi, akatoa ule mwito wa Sheikha.

Uwanja mzima ulisimama, nakwambieni. Halafu watu wa Sur wakaangua kicheko, mpaka wapiga ngoma wakaziacha ngoma. “Saa ngapi, Kochi? Saa ya kukama?” Wazee wa sabla walijifunika nyuso kwa vilemba. Uso wa Kochi niliuona toka mbali, umekunjana kama wa mtu anayemeza dawa. Lakini mabeki wetu, watoto wa Ibra wote, walikuwa wamesharudi nyuma. Miguu yao ilirudi kabla wao wenyewe hawajafikiri.

Akapiga tena. Na tena. Kicheko kikawa kikubwa, na yeye akazidisha sauti. Na Nasor wangu hakugeuza uso. Kwa mara ya kwanza msimu ule niliona kisogo cha mwanangu, si uso. Mpira ulikuja, akautuliza, akainua macho, Hilali yuko pembeni anapunga mkono kama anaaga meli, akampa, Hilali akafunga. Moza aliniruka shingoni tukaanguka wote kwenye mtaro wa falaji, ule wa maji ya mashamba.

Tulitoka sare, moja kwa moja. Hatukushinda. Lakini jioni ile kwenye sabla, Seif aliniambia, Khalfan alichukua dele mwenyewe na finjani ya kwanza akampa Kochi, kabla ya wazee. Khabari ya filimbi haikutajwa tena. Alikaa na timu ile miaka mitano mingine, na vijana waliokuja nyuma wakadhani makocha wote duniani huita hivyo.

Siku ya mwisho niliyokunywa naye kahawa ilikuwa mjini Nizwa. Alikuwa amehamia kwa binti yake, magoti yamekataa. Seif alikwenda mnada wa mbuzi wa Ijumaa, mie nikapita kumwona, na vitumbua ndani ya kikapu. Nilimkuta barazani na wajukuu watatu, kokwa zimepangwa juu ya sinia, anawaeleza kwa Kiarabu, kimenyooka, kina lafudhi ya Sheikha. Kiswahili wale watoto hawakuwa nacho.

“Nasor hajambo?” akaniuliza.

“Hajambo. Yuko Sur, anafanya kazi. Kaoa kwao hao hao.”

“Watu wa ngoma!” Akacheka sana. Kisha akazikusanya kokwa taratibu, akawaambia watoto wakacheze nje.

“Mama Nasor, siku ile niliondoka kwako bila kuaga.”

“Nilikuvunjia heshima, Kochi. Mbele ya Khalfan.”

“Hapana. Nilikuwa najua.” Alikuwa anatazama mikono yake. “Mechi tatu nyuma nilishajua. Naona mtoto anazama, na mie najua kwa nini. Nilikuwa nachagua kila siku: watu wanicheke mie, au wamseme yeye. Nikachagua wamseme yeye. Ulipoweka ile kokwa nikajua na weye umeona.”

Nikachukua dele, nikammiminia. Akanywa, akanyoosha finjani bila kuitikisa. Nikammiminia. Ya tatu, ya nne, ya tano. Ya sita akaipokea. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, ananiashiria kwamba daktari amekataza. Nikaendelea. Seif aliporudi na mbuzi wake dele lilikuwa tupu, na Kochi bado ameshika finjani mkononi, imetulia.

Basi ndivyo ninavyokumbuka. Skuli sikusoma sana, kichwa ndicho daftari langu, na kichwa kina umri. Mliokuwepo wadini Alkhamisi ile, na nyinyi wa Sur mliokuja na lori, kama goli letu hakulifunga Hilali bali nduguye Humeid, nambieni. Kama zile siku za Sheikha zilikuwa tano si nne, nambieni. Na aliyesimama karibu kuliko mie, anisahihishe pale niliposema Kochi alikuwa na uso wa mtu anayemeza dawa. Mie nilikuwa mbali, nyuma ya ukuta. Labda alikuwa anacheka.